Alabama 2011 au Georgia 2021?

Mkuu, umeuliza kama kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ulinzi wa Georgia wa 2021 unaipiku Alabama ya 2011. Kwangu bado Alabama. Waliruhusu wastani wa pointi 8.2 kwa mechi, Georgia 10.2. Halafu ile fainali ya taifa ambayo Alabama waliifunga LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), Januari 2012: 21-0, na LSU hawakuvuka katikati ya uwanja mpaka robo ya nne! Aisee, ule ulikuwa ukuta.

Georgia nawapenda sana, mlinzi wao Jordan Davis hasa, na wachezaji wao watano wa ulinzi kuchaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, kwenye raundi ya kwanza 2022 si mchezo. Ila Desemba 2021 Alabama ya mwaka huo iliwafunga pointi 41. Wale wa 2011 walipoteza mara moja tu, 9-6, tena kwenye muda wa nyongeza.