Sanamu ya taka za bahari isiyorudi baharini

Plastiki iliyokaa muda mrefu kwenye jua na chumvi huvunjika kwa kidole. Ukiifunga juu ya sanamu ya kasa, ukaisimamisha gatini kisha ukaenda zako, upepo wa kusi utaibandua kidogo kidogo na kuirudisha ilikookotwa, safari hii ikiwa chembe ambazo hakuna mtu atakayeweza kuziokota tena. Kwa hiyo, kabla ya kubishana kuhusu umbo na rangi, kikundi kinachotaka kujenga sanamu ya namna hii kikubaliane mambo mawili: kila kipande kitashikwa na nini, na sanamu nzima itashushwa lini.

Tuanze na ukusanyaji. Fukwe zinazotazama bahari kuu hupokea mzigo mkubwa wakati wa kusi, na siku nzuri za kuokota ni zile zinazofuata bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakiwa yamekupwa. Fuateni mstari wa mwani, huko ndiko taka zilikonasa. Mwani wenyewe uacheni, kwa kuwa unashika mchanga na kulisha viumbe vidogo. Kila kizibo na kila chupa itikiseni kwanza, maana kaa wadogo hujificha humo. Sindano, betri, dawa na madumu yenye mabaki ya mafuta au kemikali yawekwe kando na yasitumike hata kama rangi zake zinapendeza. Vaeni glovu za ngozi, za mpira mwepesi hutobolewa na ndoana.

Pimeni uzito kwa aina kabla ya kuosha: nyavu na kamba, kandambili, chupa, madumu, vinginevyo. Watu wengi huruka hatua hii, nasi tunaiona kuwa ndiyo inayotofautisha sanamu yenye neno la kusema na pambo. Kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, kiliposafishwa mwaka 2019 ziliondolewa tani 25 za taka, na kwa uzito sehemu kubwa ilikuwa zana za uvuvi. Hakuna anayeishi Aldabra isipokuwa wafanyakazi wachache wa hifadhi, kwa hiyo taka zile zilitoka mbali. Kama ufukwe wenu nao unalemewa na nyavu, kisha mkajenga sanamu ya chupa za soda peke yake, mnawaelekeza watazamaji kwenye sehemu ndogo ya tatizo.

Kuosha kunahitaji maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya bomba au kisima. Lowekeni usiku kucha kwa sabuni ya unga, sugueni, kisha mwagieni maji ya pili kuondoa chumvi. Chumvi ikibaki, gundi haishiki na waya hushika kutu upesi. Maji machafu yapite kwenye kipande cha chandarua kabla ya kumwagwa, maana yana vipande vya plastiki. Anikeni kivulini siku mbili. Nyavu zikaguliwe kwa mkono ili kukata chubwi zote za risasi, vile vizito vya kuzamishia wavu, kwa sababu madini ya risasi ni sumu na watoto watashika sanamu hiyo.

Kisha jaribuni kila kipande. Kikunjeni polepole: kikitoa mstari mweupe na kuanza kupasuka, hakifai. Pitisheni ukucha juu yake: ukiona unga mweupe kidoleni, jua limekwisha kukila. Ili kutambua aina ya plastiki, kateni kipande kidogo na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Plastiki ya madumu na vizibo huelea, ya chupa za maji huzama, na ya mabomba ya maji pia huzama. Hiyo ya mabomba msiichome wala kuiyeyusha kamwe, moshi wake hutoa asidi inayounguza mapafu. Kwa kweli kwenye kazi ya kijiji tunashauri msiyeyushe plastiki yoyote. Kata, toboa, funga, basi.

Mfano wa kasa mwenye urefu wa mita 2.5 unatosha kueleza mifupa. Uti wa mgongo na miguu viwe vya nondo ya milimita 12, mbavu za nondo ya milimita 8 zilizopishana sentimita 25 hadi 30, juu yake wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 5. Fundi akimaliza kuchomelea, maganda ya moto yasuguliwe kwa brashi ya waya, kisha rangi ya kuzuia kutu mikono miwili na rangi ya mwisho mkono mmoja. Yote haya yafanyike kabla kipande cha kwanza cha plastiki hakijafungwa. Kuchomelea baadaye, taka zikiwa tayari zimening'inia, ndiko kunakozua moto. Kichwa na mapezi viwe vya kufunguka kwa bolti za milimita 12, la sivyo sanamu haitapita kwenye vichochoro wala kuingia kwenye pikapu.

Chini, zege la mita 1.2 kwa 1.2 na unene wa sentimita 30 lina uzito wa takribani tani moja, na linatosha kumshika kasa huyo asipinduliwe na upepo wala watoto wanaopanda. Watapanda, hilo msilitilie shaka. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, mtahitaji mifuko 3 ya kilo 50. Mchanga usiwe wa ufukweni: chumvi yake hula nondo ndani kwa ndani, zege likapasuka.

Sasa ngozi. Kandambili moja hutoa eneo la sentimita za mraba 200 hivi baada ya kukata kingo. Zikipandana kwa theluthi moja, mita ya mraba inakula kama kandambili 75, na gamba la kasa wetu lenye mita za mraba 4 linahitaji 300. Okoteni 600, kwa sababu nyingi zitakuwa zimeoza. Anzeni kufunga kutoka chini kwenda juu, kama makuti, ili mvua iteleze nje. Kila kipande kiwe na matundu mawili ya milimita 6 na waya wa milimita 1.5. Tundu limezidi waya kwa makusudi: kipande cha dumu chenye urefu wa mita 1 hutanuka milimita 4 hadi 6 joto likipanda kwa nyuzi 30, na kikibanwa sana hupasuka tunduni.

Waya bora ni wa chuma cha pua, na ule wa daraja la 316 hustahimili chumvi kuliko 304. Waya wa kawaida wa kufungia nondo hauwezi kustahimili hewa ya bahari. Zile tai za plastiki za kukazia nyaya za umeme hukauka juani na kudondoka, nazo zikawa taka mpya. Gundi ya viatu itumike kama msaada tu, hulainika kwenye joto. Ncha za waya zikunjwe ndani na kupigwa tupa. Na msipake rangi: plastiki ya madumu na vizibo haishiki rangi, itabanduka magamba magamba. Bluu ya maboya na kijani cha nyavu vinatosha.

Kila kitu kinachoweza kukusanya maji ya mvua kitobolewe tundu la milimita 10 upande wa chini. Kizibo kilichotazama juu ni kitalu cha mbu, na pwani yetu inaijua homa ya dengi.

Watafuteni mafundi wa majahazi mapema. Jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu Septemba 2018, lilitumia karibu tani 10 za plastiki na kandambili 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kandambili zilikuwa ngozi. Nguvu ilitoka kwenye mbao za plastiki iliyorejelezwa na kwenye ujuzi wa waundaji waliozoea chumvi, upepo na maungio yanayotikiswa kila siku.

Mahali pa kusimamisha pana maana kuliko ukubwa. Mbele ya hoteli wataiona wageni. Kwenye soko la samaki, diko (pale vyombo vya uvuvi vinapotua) au stendi wataiona wavuvi, wachuuzi na wanafunzi, na hao ndio tunaotaka wasimame waulize. Pateni ruhusa ya sheha (kiongozi wa shehia, Zanzibar) au kikundi cha usimamizi wa ufukwe kwanza, halafu mamlaka za mazingira. Msijenge ufukwe ambao kasa hutaga, wala msiweke taa ya usiku karibu nao: vitoto vya kasa hufuata mwanga na kupotea nchi kavu. Kaeni mbali na majiko ya mkaa ya wauza mihogo.

Kibao kiandikwe kwa Kiswahili na kitaje jina la ufukwe, tarehe, na kilo za kila aina. Hakuna haja ya kuhubiri juu yake.

Mkitaka kujenga samaki wa waya anayejazwa chupa na wapita njia badala ya kasa, jueni ana shida yake: akijaa bila kumwagwa, chupa humwagika na upepo hupeleka zote majini. Mwekeeni mlango wenye kufuli na mpatane na mnunuzi wa chupa siku ya kuja kila wiki. Mnunuzi asipopatikana, acheni umbo hilo.

Ukaguzi ufanyike kila upepo unapogeuka, kusi na kaskazi, mkivuta kila kipande kwa mkono na kubadilisha kinachocheza. Tengeni robo ya bajeti kwa matunzo na kushusha, na miaka 2 ikitimia fungueni bolti: nondo ziende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, plastiki ngumu kwa wasagaji, na kandambili zilizooza ziende dampo rasmi ndani ya gunia lililofungwa.