Muulize Fundi: Bolti zilizogoma

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: bolti imegoma, nati haizunguki, kichwa kimeviringika. Nimezijibu pamoja. Ya kijana wa Pangani nimeiweka mbele na kuipa nafasi kubwa, kwa sababu kwa jinsi anavyoeleza, amebakiza hatua moja tu aumie.

*Shikamoo Fundi. Nina Toyota Probox, naishi Pangani karibu kabisa na bahari. Ekzosi inanguruma, nikaambiwa gasketi ya kwenye maungio chini ya gari imeisha. Nimenunua gasketi nikaingia chini mwenyewe. Kuna bolti mbili zenye springi, kichwa namba 14. Moja imetoka, ya pili imegoma. Nimepulizia WD-40, nikasubiri robo saa, nikavalisha spana bomba la mita moja. Sasa spana imeanza kuteleza. Jirani anasema nitafute bomba refu zaidi. Nifanyeje?*
Kijana wa Pangani

Marahaba mwanangu. Weka bomba chini, na wewe mwenyewe toka chini ya gari. Hukuniambia gari limekaa juu ya nini, na hilo linanitia hofu kuliko bolti. Kama ni jeki peke yake, usirudi humo. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia gari ni stendi, tena mbili, zikae chini ya sehemu ngumu ya bodi, na magurudumu yaliyobaki chini uyazuie kwa mawe mbele na nyuma. Mtu anayevuta spana kwa nguvu zote akiwa amelala chini ya gari analisukuma gari, hata kama hahisi. Halafu vaa miwani, maana kutu ikibanduka inaangukia machoni.

Sasa hilo bomba. Nati ya tairi ya gari kama lako hukazwa kwa niutonimita 103 (niutonimita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ni kama kuning'iniza kilo 21 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita. Mtu wa kilo 75 akiegemea ncha ya bomba la mita moja kwa uzito wake wote anatoa zaidi ya niutonimita 700. Stadi ya tairi, yaani ule msumari wenye thredi unaofungwa nati, ina unene wa milimita 12, na bolti yenye kichwa namba 14 kwenye gari la Kijapani kwa kawaida ina milimita 10 tu. Jirani yako anakutakia mema, lakini anachokushauri ni kuikata bolti.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Kidole cha kati cha mkono wangu wa kulia hakikunji vizuri tangu 1996. Nilikuwa mwaka wa pili wa kujifunza ufundi hapa Tanga, na nilipewa pikapu nifungue ekzosi. Nati ya stadi ikagoma, nikavalisha bomba, nikavuta kwa hasira. Stadi ikakatika mara moja, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye chesisi. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinifunga kidole kwa kitambaa, kisha akaokota kile kipande cha stadi na kunionyesha mahali kilipokatikia. Kichwa cha nati kilikuwa kimelowa mafuta, kinang'aa. Ndani ya thredi, ile mikunjo ya kuzungukia nati, kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, mkavu kabisa, unapukutika kama tumbaku. Mafuta niliyokuwa nimemwaga nusu saa nzima hayakuwa yamefika hata kidogo pale palipokuwa na tatizo.

Ndiyo maana siku hizi kabla sijashika spana najiuliza kwanza: hii imeshikwa na nini? Kuna bolti iliyoshikwa na kutu, na kuna iliyokazwa kupita kiasi na mashine ya upepo pale wanapoziba pancha. Nyingine imepakwa gundi ya thredi tangu kiwandani, na hiyo inataka moto kidogo, mafuta hayaisaidii. Nyingine haijagoma hata kidogo, ni sisi tunaoizungusha upande usio wake. Kila moja ina dawa yake.

Yako ni kutu. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka, na kikigeuka kinataka nafasi kubwa zaidi ya ile kilichokuwa nayo. Ndani ya thredi nafasi hiyo haipo, kwa hiyo inajibana. Ongeza hapo ekzosi inayochemka na kupoa kila safari, na upepo wa chumvi wa huko Pangani.

Anza na brashi ya waya. Tafuta ule mkia wa bolti uliotokeza upande wa pili wa maungio, usugue mpaka uone thredi zikimetameta. Mafuta yataingilia hapo na chini ya kichwa. Ukipulizia juu ya kichwa tu unapoteza mafuta. WD-40 ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza maji kwenye chuma. Inasaidia, lakini kwa kutu nzito natumia oili ya gia ya otomatiki, ile nyekundu, niliyochanganya nusu kwa nusu na asetoni. Itikise kila unapoitumia kwa sababu hujitenga, na usiikaribishe kwenye moto wala sigara, inashika haraka mno.

Ukishapaka, gonga. Chukua nyundo ya wastani, gonga kichwa cha bolti moja kwa moja, mara kumi au kumi na tano, kwa mapigo makavu ya kiasi. Mtikisiko unapasua kutu na kufungua njia ya mafuta. Paka tena, kisha nenda ukalale. Asubuhi rudia, na jioni rudia. Robo saa uliyosubiri ni muda wa kulowesha rangi tu.

Spana yako inateleza, kwa hiyo nayo ibadilishe. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, usiiguse kabisa kwenye kazi hii. Tafuta soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inashika kona tu, ya pembe sita inakumbatia ubapa mzima. Igonge iingie mpaka mwisho, na mkono wako mwingine uishikilie isiegemee upande.

Siku ya kufungua, usianze kwa kufungua. Kaza kwanza, kidogo sana, kama unene wa ukucha. Kutu iliyokuwa imezoea kukaa upande mmoja inavunjika. Kisha vuta upande wa kufungua, polepole, nguvu ikipanda taratibu. Sikiliza. Ikilia "krii" ndefu, inakuja. Ikinyamaza na mkono wako ukahisi ulaini kama unakunja waya, acha papo hapo, maana bolti inajinyonga na inakaribia kukatika. Ikisogea robo ya mzunguko, irudishe, paka mafuta, isogeze tena. Mbele, nyuma, mbele. Nimewahi kutumia dakika arobaini kutoa bolti moja hivyo, na ilitoka nzima.

Isiposogea kabisa, kuna moto na mshumaa. Safisha kwanza mafuta yote na uache pakauke. Angalia tangi na mabomba ya petroli yanapita wapi, na mipira ya kuning'inizia ekzosi iko wapi. Kama viko karibu, usiwashe kitu. Dawa ya kunyunyizia ya kusafishia breki pia isiguse sehemu hiyo, kwa sababu baadhi zina klorini na zikipata moto hutoa hewa ya sumu. Kama pako salama, tumia kichomeo kidogo cha gesi, kile cha mafundi friji, upashe ile sehemu iliyoishika bolti, si bolti yenyewe. Hatutaki iwe nyekundu. Ondoa moto, kisha gusisha mshumaa pale bolti inapoingia. Nta itayeyuka kuwa kama machozi, itazunguka shingo ya bolti, halafu utaiona inazama. Inavutwa ndani ya thredi hadi inakauka juu. Nimefanya hivi miaka mingi na bado kila mara naacha kazi niitazame inavyoingia. Gusisha tena mpaka isiingie zaidi, kisha jaribu soketi wakati chuma bado kina joto.

Na kichwa kikishaviringika kabisa, mpe fundi mwenye grenda akikate. Bolti na springi ni vitu vya kununua dukani. Ukirudisha mpya, paka grisi ya shaba kwenye thredi, na mwakani utanikumbuka.

*Fundi, hujambo. Nimenunua Toyota Noah iliyotumika Japani, haijamaliza miezi miwili hapa Dar es Salaam. Fundi alipoinyanyua alishtuka: bolti za chini zote nyekundu kwa kutu. Ameniambia labda lilizama kwenye mafuriko. Nimeibiwa?*
Mama wa Kigamboni

Sijambo dada yangu. Usihukumu kabla hujaangalia ndani. Gari lililozama huacha alama juu pia: kutu kwenye reli za viti, tope kavu chini ya zulia, harufu ya unyevunyevu kwenye mikanda ukiivuta mpaka mwisho. Kama ndani ni safi na kutu iko chini tu, basi huenda gari limetoka kaskazini mwa Japani, sehemu kama Hokkaido. Huko wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande, na chumvi hiyo inarukia chini ya gari miezi kadhaa kila mwaka.

Lipeleke lioshwe chini kwa maji safi mengi, likauke, kisha fundi wako azipake mafuta bolti za chini moja moja, hata zile asizokusudia kuzifungua leo. Afanye hivyo kila mnapomwaga oili. Siku ya kubadili bushi utaona faida yake. Lakini nati za tairi asizipake mafuta wala grisi. Thredi zikiteleza, mkazo uleule wa spana unaivuta stadi kuliko inavyotakiwa. Hizo zisuguliwe kwa brashi ya waya tu.

*Fundi, Fuso letu la zamani, tairi la nyuma kushoto nati hazifunguki. Tumesimama watu wawili juu ya spana. Za kulia zimefunguka bila shida.*
Utingo, Makambako

Shukeni haraka. Futa ncha ya stadi kwa kitambaa uangalie herufi. Kwenye malori mengi ya zamani ya Kijapani, magurudumu ya kushoto yana thredi za kushoto, na stadi huandikwa L. Mlikuwa mnakaza. Zungusheni upande ambao siku zote mnakazia. Zikishatoka, kagueni kila stadi kama imevutika au ina ufa, na yoyote yenye shaka ibadilishwe kabla hamjapakia mzigo.

*Kaka Fundi, drami ya breki ya nyuma ya Corolla haitoki, nimegonga hadi nimechoka. Ina vitundu viwili vyenye thredi, sijui ni vya nini.*
Msomaji, Malindi

Ndugu yangu, vitundu hivyo ndivyo vya kuitolea. Zuia magurudumu kwa mawe, shusha hendibreki, kisha tafuta bolti mbili za unene wa milimita 8, zile zenye kichwa namba 12. Zipake mafuta, ziingize kwa mkono, halafu kaza nusu mzunguko hii, nusu mzunguko ile, kwa zamu. Zitaisukuma drami itoke sawasawa. Ikigoma, gonga kati ya stadi kwa nyundo, usigonge ukingo wake, unapasuka. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo. Lilowanishe kwa maji ulifute, maana lainingi za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.

*Mzee shikamoo. Bolti imekatikia ndani ya injini, haijatokeza hata kidogo. Kuna mtu anataka kuitoboa aingize kile chuma cha kunyofolea. Nimruhusu?*
Dereva wa bodaboda, Muheza

Marahaba kijana. Mwambie asubiri. Kile chuma ni kigumu sana na kinakatika kirahisi, na kikikatikia humo hakuna keekee ya kawaida itakayokitoboa tena. Mtafute mchomeleaji mwenye mkono mtulivu. Aweke nati juu ya kile kipande, nati iwe kubwa kidogo kuliko tundu, na ajaze kati kwa fimbo ya kuchomelea mpaka zishikane. Joto lenyewe linafanya nusu ya kazi. Ikipoa hadi wekundu umeisha, ataishika nati kwa spana na kuitikisa mbele na nyuma. Mara nyingi haikubali mara ya kwanza, inabidi achomelee nati ya pili, hata ya tatu. Kabla hajawasha mashine, fungua waya hasi wa betri, na uhakikishe kabureta na tangi vimeondolewa kwenye pikipiki.