Prosesa Mpya au Kadi Mpya ya Michoro? Kuboresha Kompyuta ya Michezo kwa Bajeti Ndogo

Swali

Ndugu mtaalamu, ninayo kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwaka 2017 kwa ajili ya michezo. Ndani yake kuna prosesa ya AMD Ryzen 5 1600, bodi mama yenye chipu ya B350, RAM ya DDR4 ya GB 8 iliyo katika kipande kimoja cha kasi ya 2400, kadi ya michoro ya GeForce GTX 1060 ya GB 6, diski ya kawaida inayozunguka, na pawasaplai ya wati 450. Skrini yangu ni ya pikseli 1920 kwa 1080. Michezo mipya inakwamakwama, hasa ninapoingia eneo lenye wachezaji wengi, ingawa nikitazama vipimo naona prosesa inatumika kwa asilimia 55 na kadi ya michoro kwa asilimia 65 tu. Rafiki mmoja ananishauri ninunue kadi mpya ya michoro, na mwingine anasema niachane na vyote nianze upya. Fedha niliyo nayo inatosha vipuri viwili au vitatu vya kiwango cha kawaida. Nianze na nini, na je, prosesa mpya itakubali kukaa kwenye bodi hii ya zamani?

Jibu

Ndugu msomaji, umeleta vipimo pamoja na malalamiko, na sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya tarakimu hizo mbili ulizozitaja. Kadi ya michoro inayofanya kazi kwa asilimia 65 wakati mchezo unakwama ni kadi inayosubiri kupewa kazi. Kila fremu, yaani kila picha moja unayoiona kwenye skrini, huanzia kwa prosesa, ambayo hukokotoa nani yuko wapi, risasi imepita wapi na mlango upi umefunguliwa, kisha huandaa maagizo ambayo kadi itayafuata katika kuchora. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta hupata milisekunde 16.7 tu za kumaliza safari hiyo yote. Maagizo yakichelewa kufika, kadi hukaa bure hata ikiwa ya bei kubwa namna gani, na ndiyo sababu nakuomba sana usianze na kadi.

Najua utauliza mara moja: mbona prosesa nayo haijajaa? Swali hili limewapotosha watu wengi, kwa hiyo nitalieleza polepole. Ryzen 5 1600 ina viini 6 na nyuzi 12, yaani mikondo 12 ya kazi inayoweza kwenda kwa wakati mmoja, na ile asilimia 55 ni wastani wa nyuzi zote 12 kwa pamoja. Michezo mingi, hata ile inayogawa kazi zake vizuri, huwa na uzi mmoja mkuu ambao nyingine zote huusubiri, na uzi huo ukijaa pomoni huongeza asilimia 8 hivi tu kwenye wastani unaouona. Prosesa inaweza basi kuonekana ina nafasi tele ilhali kiini kimoja kimelemewa. Vilevile prosesa inayongojea data kutoka kwenye RAM au diski haizalishi fremu, na kwako mashaka hayo yote mawili yapo.

Thibitisha jambo hili kabla ya kutoa fedha. Chagua eneo lile lile linalokusumbua, pima idadi ya fremu, kisha shusha rezolusheni hadi 1280 kwa 720 bila kugusa mpangilio mwingine wowote, upime tena. Nasisitiza usiguse mingine, kwa sababu mipangilio kama umbali wa kuonekana kwa vitu na wingi wa watu barabarani huilemea prosesa pia, na ukiishusha utachanganya matokeo. Idadi ya fremu ikibaki pale pale, kadi haina hatia. Fungua pia Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha matumizi ya kompyuta, na utazame mchoro wa kila uzi peke yake, kiasi cha RAM kilichotumika, na diski. Mchezo unapoganda kwa nusu sekunde na papo hapo diski ikapanda hadi asilimia 100 huku RAM ikiwa imejaa, ujue Windows inahamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni polepole kuliko RAM mara nyingi sana.

Hapo ndipo ningeanzia mimi. Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 2400 hupitisha, kwa hesabu ya nadharia, GB 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili vya GB 8 vya kasi ya 3200, vikiwekwa katika njia mbili tofauti za kumbukumbu, hupitisha GB 51.2. Katika prosesa za Ryzen faida inazidi hapo, kwa kuwa kiungo kinachounganisha sehemu za ndani za prosesa huendeshwa kwa mwendo unaofuata ule wa RAM, hivyo RAM inayokwenda taratibu huivuta nyuma prosesa nzima. Nunua vipande viwili vilivyouzwa pamoja kama jozi; kuongeza kimoja kando ya kile cha zamani ni bahati nasibu, na hata vikikubaliana vitafuata kasi ya kilicho dhaifu. Ikiwa bodi yako ina sloti nne, mara nyingi zinazotakiwa ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ila kitabu cha bodi ndicho chenye neno la mwisho. Baada ya kuviweka, ingia BIOS, yaani programu ya msingi iliyo kwenye bodi mama, na uwashe wasifu wa XMP, ambao ni mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, kwa maana bila hatua hiyo RAM ya 3200 itaendelea kutembea kwa 2133 au 2400 na utaona kama umeibiwa. Prosesa yako ya sasa huenda isiweze kuifikisha RAM kwenye 3200, na hilo lisikutie wasiwasi. Iweke kwenye 2933 hadi utakapobadilisha prosesa.

SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, haihitaji maneno mengi. Hata ile inayotumia kiunganishi cha SATA, yenye kikomo cha MB 550 hivi kwa sekunde, itaondoa mikwamo inayotokea mchezo unapopakia eneo jipya, ingawa haitaongeza fremu pale ambapo kila kitu kimeshapakiwa.

Sasa tuje kwenye prosesa. Bodi yako inatumia soketi ya AM4, na soketi hii imeishi muda mrefu kuliko kawaida: imepokea Ryzen za kwanza za mwaka 2017 na pia familia ya 5000, ambayo AMD iliifungulia rasmi njia kwenye bodi za kizazi chako mwaka 2022. Pendekezo langu ni Ryzen 5 5600. Kwenye karatasi inafanana na yako, viini 6, nyuzi 12 na wati 65, na ufanano huo wa wati una maana njema kwako, kwa sababu saketi za umeme za bodi ya zamani hazitabebeshwa mzigo zisiouzoea. Tofauti iko ndani. Katika 1600 viini vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, kila kundi na kache yake (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 8, na taarifa inayovuka kutoka kundi moja kwenda jingine hutumia muda mrefu zaidi. Katika 5600 viini vyote sita vinachangia kache moja ya MB 32, kila kiini hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa, na mipigo yenyewe imepanda kutoka kilele cha GHz 3.6 hadi 4.4. Kwa ule uzi mmoja mkuu niliousema, hayo ndiyo mabadiliko yanayohitajika.

Uangalie majina unaponunua, kwa kuwa Ryzen 5 5500 na 5600G zinakaribiana nayo kwa namba lakini zina kache ya MB 16 tu, na katika michezo upungufu huo huonekana. Ukiipata Ryzen 7 5700X3D kwa bei unayoimudu, yenye kache ya MB 96, utakuwa umefika karibu na kilele cha soketi hii. Kumbuka tu kwamba huuzwa bila feni, na kwamba wati zake ni 105, hivyo hakikisha bodi yako imo kwenye orodha ya zinazoikubali.

Orodha hiyo ndiyo hatua usiyopaswa kuiruka hata kwa 5600. Tumia programu ya CPU-Z kusoma jina kamili la bodi na toleo la BIOS, kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi na utafute toleo la kwanza linaloitambua prosesa unayoitaka. Pandisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado iko kwenye soketi, maana ukitangulia kubadilisha, kompyuta haitawaka na hutakuwa na njia rahisi ya kuirekebisha. Soma maelezo ya kila toleo, kwani bodi nyingine hutaka upitie toleo la kati kwanza. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha mahali pengine na usitishe ulinzi huo kabla ya kuanza, kwa sababu kubadilisha prosesa hubadilisha pia TPM, sehemu ya usalama inayotunza funguo, iliyomo ndani yake.

Siku ya kubadilisha, endesha kompyuta kwa dakika kadhaa ili pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto ilainike, kisha uizime, uchomoe waya wa umeme, na uzungushe kipoza joto kidogo kidogo kulia na kushoto kabla ya kukiinua. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, na nimeshuhudia zaidi ya mara moja mtu akivuta kwa nguvu na prosesa ikachomoka pamoja na kipoza joto, pini zikiwa zimepinda.

Kuhusu ushauri wa kuanza upya, sioni sababu yake kwa bajeti yako. Jukwaa jipya la AM5 hukubali DDR5 pekee, kwa hiyo ungelazimika kununua prosesa, bodi na RAM kwa pamoja na usibakiwe na kitu. Hoja pekee nzito ya rafiki yako wa pili ni kwamba Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Ryzen 5 1600 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Lakini 5600 imo, hivyo badiliko lile lile linakutatulia na hilo.

Kadi ya michoro iache kwa msimu mwingine, baada ya kupima tena. Wakati huo utakapofika, Radeon RX 6600 ya GB 8 ni mfano mzuri wa kinachofaa kwa rezolusheni yako: hutumia wati 132, si mbali na 120 za GTX 1060, kwa hiyo pawasaplai ya wati 450 iliyo nzima inaitosha. Kwa kuwa yako huenda ina umri sawa na kompyuta, sauti ya kukwaruza, harufu ya kuungua au kujizima ghafla chini ya mzigo ni dalili za kuibadilisha kabla ya kitu kingine chochote. Na ukiibadilisha, usitumie nyaya za ile ya zamani kwenye mpya hata kama plagi zinaingia, kwa kuwa mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana na unaweza kuunguza diski. Jiepushe pia na RX 6500 XT. Ina GB 4 na njia 4 tu za PCIe, kiungo kati ya kadi na bodi, na bodi yako ya PCIe 3.0 ingeziendesha kwa nusu ya kasi zilizotengenezewa.

Mwisho, usiuze GTX 1060 mpaka kadi mpya imefanya kazi bila kasoro kwa wiki kadhaa, kwa sababu Ryzen 5 5600 haina michoro ya ndani, na bila kadi yoyote hutapata hata picha ya BIOS kwenye skrini.