Unasomea ualimu wa watu wazima huku uko kazini? Anza na darasa

Fundi umeme aliyebobea akiombwa kufundisha jioni kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi, umeme haumshindi. Kinachomponza ni kwamba anaujua mno. Kazi yenye hatua nane yeye anaiona hatua moja, anaimaliza kwa sentensi mbili, halafu anashangaa wanafunzi wamebaki kimya. Vivyo hivyo kwa mshonaji, muuguzi na mhasibu. Kazi ya mafunzo ya ualimu ni kukurudisha kwenye zile hatua nane, na hilo halifanyiki kwenye makaratasi. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza: usijiandikishe kozi ya jioni, ya likizo au ya masafa kabla hujapata darasa la kufundisha, hata la watu sita, hata mara moja kwa wiki.

Kwa Tanzania, ualimu wa ufundi stadi una chuo chake Morogoro, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, hufundisha elimu ya watu wazima, yakiwemo masomo ya masafa. Popote utakapokwenda, kabla ya kulipa ada hakikisha kozi inatambuliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, au mamlaka nyingine inayohusika, kisha uliza mambo mawili: nani anatafuta kituo cha mazoezi, na mkufunzi atakuja kukutazama ukifundisha mara ngapi. Ukijibiwa "tutaona huko mbele", tafuta kwingine. Wanaosoma wakiwa kazini hukwama kwenye mazoezi kuliko kwenye mitihani, kwa sababu mwajiri hajaombwa ruhusa mapema na kituo kinafungwa wakati wao wana likizo. Barua ya kuomba ruhusa iende kwa mwajiri siku unayojiandikisha.

Sasa tuje kwenye somo fupi la majaribio unalofundisha mbele ya wanakozi wenzako, maana ndilo linalotisha wengi. Chukulia umepewa dakika 20. Usichague "umeme wa majumbani". Chagua kufunga plagi ya pini tatu, basi. Lengo lisomeke hivi: mwisho wa somo mwanafunzi aweze kufunga plagi bila kusaidiwa, kila waya mahali pake, ganda la nje la kamba likiwa limebanwa na kibano. Ukiandika "aelewe plagi", hutakuwa na namna ya kumpima, maana kuelewa hakuonekani kwa macho.

Dakika 2 za mwanzo uliza nani amewahi kufungua plagi na alikuta nini. Dakika 2 zinazofuata funga plagi nzima mbele yao kwa kasi ya kawaida bila kusema neno, wauone mwisho wa kazi. Kisha rudia polepole kwa dakika 4, ukitaja sababu ya kila hatua: waya wa ethi (wa usalama, unaopeleka umeme uliovuja ardhini), wa kijani na njano, unaachwa mrefu kidogo ili kamba ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka, wa bluu unakwenda kushoto, wa kahawia unakwenda kulia upande wa fyuzi, pini ya ethi ikiwa juu na plagi ikiwa wazi mbele yako. Mara ya tatu, dakika 3, mikono ni yako lakini maneno ni yao: wao wanakuelekeza, wewe unafuata. Walimu wengi huiruka hatua hii wakiona inapoteza muda, na hapo ndipo wanapokosea. Mwanafunzi akishindwa kukuambia kinachofuata, ujue hajawa tayari kushika bisibisi. Dakika 7 wafanye wenyewe, wawili kwa plagi moja wakipokezana. Zilizobaki ni za kukagua.

Kwenye kukagua, andaa orodha ya vitu vinne au vitano vya kuwekea alama ya vema. Usipime kwa kuchomeka taa ukaona inawaka. Bluu na kahawia zikibadilishana, taa itawaka vilevile, ila fyuzi itakuwa haiko tena kwenye waya wenye moto. Ikikatika, kifaa kinaweza kubaki na moto ndani huku mwenyewe akidhani kimezimika. Fungua kila plagi. Angalia kama kibano kimeshika ganda la nje, siyo nyaya za ndani. Angalia kama kuna uzi wa shaba uliochomoza, au plastiki iliyobanwa chini ya skrubu. Fyuzi nayo iendane na kifaa: ampea 3 kwa taa ya mezani, 13 kwa birika la umeme. Kila ufundi una "taa inayowaka" yake, kazi inayopendeza machoni huku ndani ina kosa. Mshonaji anaijua kwenye zipu, mwashi kwenye mchanganyo wa saruji. Itafute ya kwako uiweke kwenye orodha.

Watu wazima wana mambo yao. Mama aliyefunga genge saa kumi na mbili hafiki saa kumi na mbili. Usianze na jambo jipya. Dakika 10 za kwanza ziwe za zoezi la kurudia somo lililopita, anayechelewa asikose msingi. Kama wewe ni kijana na darasani kuna wazee, wape shikamoo kwanza, ualimu utakuja baadaye. Usimsimamishe mtu kusoma kwa sauti kabla hujajua kisomo chake. Anayesema kila siku kwamba amesahau miwani, huenda kweli hana miwani, huenda hasomi. Zungumza naye pembeni, na ubaoni andika herufi zisizopungua sentimita 5.

Maandalizi yanakula muda. Mwanzoni tenga saa mbili kwa kila saa moja ya darasa, na andalio la somo liishe siku mbili kabla ili upate nafasi ya kujaribu zana. Plagi za kufundishia ziwe na skrubu zinazozunguka! Somo zuri huharibika kwa bisibisi moja yenye ncha iliyolika.

Mkufunzi akija kukutazama, mpe nakala ya andalio na orodha yako ya kukagulia kabla ya kuanza. Umwambie jambo moja unalotaka akuangalizie, kwa mfano, muda unaosubiri baada ya kuuliza swali. Wengi hujijibu wenyewe kabla ya sekunde tatu kwisha. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo.

Baada ya somo, siku hiyohiyo, pata sahihi zote kwenye fomu ya saa za mazoezi, piga picha fomu kwa simu, kisha weka nakala kwenye jalada. Mkuu wa kituo akihamishwa kabla hajasaini, kuthibitisha saa ulizofundisha kunakuwa kazi ngumu, na huenda ukatakiwa kuzirudia.