Maswali ya Wasomaji: Je, shaba ya nano huisha shambani?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Machame. Muuza pembejeo mmoja ametuletea dawa ya chulebuni (ugonjwa wa kuvu wa matunda ya kahawa) anayoiita shaba ya nano. Anasema inatumika kwa kiasi kidogo kuliko kopa, yaani dawa ya shaba, tuliyoizoea, na kwamba chembe zake ni ndogo mno kiasi kwamba haziachi kitu udongoni. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kimepuliziwa kopa tangu enzi za babu, na mfongo (mfereji wa maji) unaopita hapo huwafikia majirani walio bondeni. Naomba kujua kama maneno hayo ni ya kweli.

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu ya kwanza ya maneno hayo yaweza kuwa kweli, lakini sehemu ya pili si kweli hata kidogo. Shaba ni elementi. Haiozi, haivunjwi na jua wala na vijidudu vya udongoni, na kuisaga hadi isionekane kwa macho hakuifanyi itoweke.

Chembe huitwa ya nano ikiwa na upana wa kati ya nanometa 1 na 100, na nanometa 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Faida yake iko katika uso. Kipande cha shaba cha mchemraba chenye upande wa sentimita 1 kina uso wa sentimita 6 za mraba. Kikikatwa chote kuwa vipande vyenye upande wa nanometa 100, uso huo hufikia mita 60 za mraba, ingawa uzito haujaongezeka. Shaba huua kuvu kwa kutoa ioni (atomi zenye chaji ya umeme) zinazoyeyuka katika maji yaliyo juu ya jani au tunda, kisha ioni hizo huingia katika mbegu za kuvu na kuharibu vimeng'enya vyake. Uso ukiwa mkubwa, ioni hutoka kwa wepesi zaidi, na ndiyo maana kiasi kidogo kinaweza kutosha. Nguvu hiyohiyo ndiyo iliyofanya shaba ya nano itiwe katika dawa za kuhifadhi mbao na vitambaa vya kuzuia bakteria.

Wepesi huo hauchagui kiumbe. Majini, ioni za shaba hudhuru mwani, viroboto vya maji na mashavu ya samaki, na madhara huzidi katika maji laini yasiyo na chokaa nyingi. Udongoni, mboji hushika sehemu kubwa ya shaba na kuipunguza makali, ilhali udongo wenye asidi huiachilia; ikizidi, nyungunyungu huhama au hushindwa kuzaana. Uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya kahawa ya Kenya na Kilimanjaro umekuta shaba imelundikana kwenye tabaka la juu baada ya miaka mingi ya kupulizia. Kwa hiyo kihamba chako tayari kina akiba, na kila dawa mpya, iwe ya nano au ya kawaida, huongeza juu ya akiba hiyo.

Basi usihesabu maji wala idadi ya mabomba. Hesabu shaba yenyewe. Soma kwenye kibandiko asilimia ya shaba halisi: kilo 1 ya dawa yenye asilimia 50 huacha gramu 500 za shaba. Umoja wa Ulaya umewawekea wakulima wake kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, na hicho ni kipimo kizuri cha kujilinganisha nacho. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha asilimia hiyo, pamoja na namba ya usajili wa dawa, usinunue kwake. Hata kabla ya kufikiria dawa, pogoa miti ili hewa ipite, na uulize TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, pale Lyamungu kuhusu miche yenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, kwa kuwa miche hiyo ndiyo inayopunguza shaba kuliko teknolojia yoyote ya chembe.

Kuhusu mfongo, nasema kwa msisitizo: bomba lisioshwe humo kamwe. Maji ya kusuuzia yapulizie kwenye mikahawa uliyokuwa ukiitibu, mbali na maji yanayotiririka. Unapochanganya dawa ya unga, funika pua na mdomo kwa barakoa inayofaa, kwani chembe ndogo hufika ndani kabisa ya mapafu.

SWALI: Rangi nyekundu tunayopaka chini ya mashua hapa Lamu, nayo ina shaba?

JIBU: Mara nyingi ndiyo, kwa umbo la oksidi ya shaba, ingawa kwa kawaida chembe zake ni kubwa kuliko za nano. Matumizi yake yaliongezeka baada ya rangi za TBT, zilizotengenezwa kwa bati, kupigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008. Hatari kubwa iko siku ya kukwangua rangi ya zamani ufukweni: tandika turubai chini ya chombo, kusanya magamba yote kabla maji hayajajaa, na uyatupe mbali na pwani.