Achari ya embe kuota ukungu

Dada wa Wete, umeuliza kwa nini achari yako ya embe imeota ukungu ilhali chupa uliikaza. Mimi nashuku kifuniko. Chupa ya kioo hutumika tena na tena, ila kifuniko cha bati huliwa na chumvi na siki. Kikishika kutu au mpira wa ndani ukichanika, kitupe. Mdomo wa chupa ukimeguka hata kidogo, tia vifungo vya nguo humo. Mimina achari ya moto kwenye chupa ya moto, acha nafasi ya sentimita 1, futa mdomo, funga, kisha ichemshe chupa ndani ya maji dakika 10. Ikipoa, bonyeza kifuniko katikati: kikibonyea na kurudi, hakikushika. Hiyo yenye ukungu imwage yote, tafadhali, usikwangue juu tu.