Maswali yenu: ndege za abiria zilizogeuzwa kuwa za mizigo

Msomaji wa Boma Ng'ombe: Ndege hizi za mizigo zilizowahi kubeba abiria zimechoka kama mabasi ya zamani. Kwa nini zinaachwa zitue KIA, uwanja wetu wa kimataifa wa Kilimanjaro?

Swali hili hurudi kila mara, na anayeuliza huwa hajatazama chochote zaidi ya mwaka wa kutengenezwa. Kinachoichosha ndege ni kuruka na kutua. Kila inapopanda, hewa ya ndani huisukuma bodi ikatanuka; ikishuka, bodi hunywea. Boeing 737 ya shirika la Aloha iliyobanduka paa angani huko Hawaii mwaka 1988 ilikuwa na umri wa miaka 19 tu, lakini ilikwisha kuruka mara 89,680 katika safari fupifupi za visiwani. Na ilikuwa ya abiria. Ndege kubwa ya masafa marefu yenye umri huo huwa haijafikia hata nusu ya idadi hiyo. Basi ulizeni imeruka mara ngapi, matengenezo makubwa yalifanyika lini, na kumbukumbu zake ziko kamili au la.

La kuogopa zaidi ni mzigo. Aprili 2013, Boeing 747 ya National Airlines, nayo ikiwa imegeuzwa, ilianguka Bagram, Afghanistan, na wote saba waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba magari ya kijeshi yalifungwa vibaya, yakachomoka wakati ndege inapaa, yakarudi nyuma na kuharibu mitambo ya mkia. Umri wa bodi haukuhusika.

Kijana wa Njiro, mwanafunzi wa ufundi: Shikamoo mzee. Kuigeuza ndege si kung'oa viti tu, kama walivyofanya wakati wa korona?

Marahaba, mwanangu. Hapana. Mwaka 2020 mashirika yalipewa ruhusa ya muda. Maboksi yaliingizwa kwa mikono kupitia mlango wa abiria na kufunikwa nyavu. Ulaya ilisitisha ruhusa hiyo katikati ya 2022.

Kugeuza hasa ni kazi ya miezi, na inataka cheti chake kutoka mamlaka ya anga. Ubavu wa kushoto, mbele ya bawa, hukatwa tundu la mlango ambao kwenye 737 una upana wa mita tatu na nusu hivi. Pembeni mwa tundu huongezwa fremu nzito, kwa kuwa bodi iliyokatwa imepoteza nguvu zake. Boriti za sakafu huimarishwa, kisha juu yake hufungwa rola na makufuli ya paleti, yaani mabamba ya kupangia mzigo. Nyuma ya marubani husimamishwa ukuta imara wa kuzuia mzigo usiwafikie ndege ikisimama ghafla. Madirisha huzibwa kwa bati. Ukiisogelea ndege jua likiipiga ubavuni, utaona alama zake zimepangana chini ya rangi. Kajifunze kusoma kumbukumbu za ndege kabla ya kushika spana. Hapa kwetu mafundi wa aina hiyo ni wachache mno.

Msomaji wa Moshi mjini: Ile ya mizigo ya ATCL, shirika letu la Air Tanzania, nayo iligeuzwa?

Hapana. Ile 767-300F ilitoka kiwandani ikiwa ya mizigo, ikapokelewa Juni 2023, na hubeba tani 54. Jamani, hili nimelijibu mara nyingi.

Msomaji wa Sakina: Ndege kama hiyo inaweza kutua Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha?

Haiwezi. Njia ya kurukia ya Kisongo haifiki kilomita mbili. KIA ina kilomita 3.6.

Mama mkulima, Usa River: Tukikodi 737 iliyogeuzwa, maua na maharage machanga yakapakiwa KIA, si tutaachana na lori la kwenda Nairobi kupitia Namanga?

Mama, nia yako naiunga mkono kabisa, ila hesabu hiyo isifanywe na dalali. 737-800 iliyogeuzwa hubeba tani 23 hivi, na ikijaa huenda kilomita 3,700 au zaidi kidogo. Amsterdam, kwenye soko la maua, ni karibu kilomita 7,000. Itabidi itue njiani kujaza mafuta, na maua yatasubiri juani iwapo kituo hicho hakina chumba cha baridi. 767 inafaa zaidi, nayo ikitaka kufika bila kutua hupunguza mzigo. Kwa KIA, iliyo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, pangeni kuruka usiku, maana joto la mchana hupunguza uzito wa kuondokea.

Halafu nani atalipa safari ya kuja? Ndege ikija tupu, gharama yake inaingia kwenye maua yenu. Tafuteni kwanza mzigo wa kurudi: dawa, vipuri, mashine.

Na pimeni kila boksi. Boksi lililoandikwa kilo 10 likiwa na 12, mara 1,500, ni tani tatu ambazo rubani hana habari nazo. Nimeona wasafirishaji wakijisifu kwa ujanja huo. Ni kuhatarisha maisha ya watu.

Msomaji wa Tengeru: Betri za simu naweza kuzichanganya na mzigo mwingine bila kuzitaja?

Usithubutu. Septemba 2010, 747 ya kampuni ya mizigo ya UPS ilishika moto ikitoka Dubai, ikiwa na maelfu ya betri za lithiamu, na baadhi ya mizigo hiyo haikutangazwa ipasavyo. Marubani wote wawili walikufa. Kwenye sakafu kuu ya ndege nyingi za mizigo moto hupambanwa kwa kupunguza hewa, na moto wa lithiamu haushindwi kirahisi hivyo. Zitangaze, zifungwe na mtu aliyefunzwa. Wakala akikwambia si lazima, tafuta mwingine.